Weusi Haujaondoka: Hotuba kuhusu Plastiki za Magari Zilizopauka

Maneno haya yalitolewa mjini Malindi mbele ya madereva wa teksi na matatu, mafundi wa bodi, vijana wanaoosha magari na wenye magari yao. Yanawekwa hapa yote kwa ajili ya wale waliokosa kufika.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu madereva na mafundi, nanyi vijana wa kuosha magari ambao leo mmefunga kazi mapema ili mje hapa: assalaam alaykum, na kwenu nyote, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi hulidharau. Ni zile plastiki nyeusi za nje ya gari: bampa zisizopakwa rangi, kava za vioo vya pembeni, mikanda ya milangoni, pindo za madigadi, na ile plastiki ndefu iliyo chini ya kioo cha mbele, pale zinapolala waipa. Gari linaweza kuwa na injini nzima, rangi inayong'aa na viti safi, lakini plastiki hizo zikishapauka, mnunuzi akilitupia jicho mara moja tu husema kwamba hili limechoka, na bei hushuka papo hapo, hata kabla ya boneti kufunguliwa. Dereva anayesubiri wageni uwanja wa ndege analijua hilo vizuri, kwa sababu mgeni huchagua gari kwa macho kabla hajauliza nauli. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya plastiki, ndugu zangu, ninazungumza juu ya riziki.

Nina neno moja kubwa la kuwaambia, na mengine yote yatalifuata. Weusi haujaondoka. Plastiki iliyogeuka kijivu bado ni nyeusi ndani yake. Tukilielewa hilo tutajua la kufanya na la kuacha. Tusipolielewa tutaendelea kupaka mafuta kila Ijumaa, na kila Jumatatu tutarudi palepale tulipokuwa.

Basi tuulizane kwanza: kinachoipausha ni nini? Wengi wetu hapa pwani tutajibu upesi kwamba ni chumvi. Wengine watasema ni uzee, na wengine watalitaja vumbi la barabara ya Marafa. Niliwahi kuletewa Probox na kijana wa Mambrui anayebeba abiria kati ya huko na mjini. Bampa ya mbele ilikuwa kijivu chenye mabaka meupe, na yeye alikuwa na hakika kwamba ni upepo wa bahari uliomfanyia hivyo. Sikubishana naye. Nilichukua bisibisi nikafungua bamba la nambari, na nyuma yake kukatokea mstatili mweusi, mweusi wa kiwandani, wenye vile vipele vidogo vya ngozi ya bampa vikiwa bado vimesimama vizuri. Kwenye kona za mstatili ule palikuwa na vumbi lililoganda na chumvi ngumu ambayo ilibidi niikwangue kwa ukucha. Tazameni basi. Chumvi ilifika pale. Vumbi lilifika pale. Miaka ile ile iliyopita juu ya bampa nzima ilipita na pale. Kitu kimoja tu hakikufika, nacho ni jua.

Ni jua, ndugu zangu. Plastiki nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa polipropilini iliyochanganywa na mpira kidogo ili isivunjike inapogongwa, na mara nyingi na unga wa talki ili iwe ngumu. Sisi watu wa Malindi tunaoishi na Waitaliano huenda tukafurahi kujua kwamba polipropilini tunayoitumia leo ilifanyiwa kazi mjini Milano na Giulio Natta mwaka 1954, na kwamba mwaka 1963 yeye na Karl Ziegler wa Ujerumani walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mwaka 1972 gari la Ufaransa, Renault 5, lilitoka na bampa za plastiki wakati ambapo magari mengi yalikuwa bado yana bampa za chuma zilizopakwa kromi. Tangu hapo chuma kimezidi kurudi nyuma na plastiki imezidi kusonga mbele, kwa sababu ni nyepesi, haishiki kutu, na ikigongwa kidogo hurudi yenyewe.

Lakini plastiki hii ina adui mmoja. Imeundwa kwa minyororo mirefu sana ya kaboni na haidrojeni, na miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ina nguvu ya kutosha kuikata minyororo hiyo. Ikishakatwa, oksijeni ya hewani huingia pale palipokatika, na mkato mmoja huzaa mwingine. Viwanda vinajua, ndiyo maana hutia ndani yake dawa za kuikinga, na hutia masizi laini sana ya kaboni, yale yale yanayotiwa katika matairi, ambayo huipa plastiki weusi na pia huizuia miale isipenye ndani. Hata hivyo kinga hiyo huisha juujuu kidogo kidogo. Nasi tuko wapi? Tuko kama nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, katika mwezi wa Machi na tena Septemba inapoishia. Katika kipimo cha miale hiyo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, 11 na zaidi huitwa kali kupindukia, na adhuhuri ya kaskazi yenye anga safi hapa kwetu huivuka 11 bila shida. Gari lililokaa barabarani Japani miaka kadhaa likashuka Mombasa likiwa jeusi tititi huanza kubadilika huku mwenyewe akilitazama.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo ningependa kila kijana wa kuosha magari aondoke nayo. Masizi yale hayapaushwi na jua. Kinachoharibika ni plastiki inayoyazunguka. Ngozi ya juu hukauka, hupasuka nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na unga wa talki hubaki wazi. Mwanga ukiangukia juu ya ngozi iliyoparuzika namna hiyo hutawanyika kila upande, na jicho letu likaona kijivu. Mnataka ushahidi? Mnao kila siku mikononi mwenu. Mwagieni maji bampa iliyopauka: inakuwa nyeusi mara moja. Maji yamejaza nyufa, ngozi imelainika, mwanga hautawanyiki tena. Ikikauka, kijivu kinarudi. Ingekuwa weusi umeondoka, maji yangeutoa wapi?

Weusi haujaondoka. Kazi yetu, basi, ni kuitengeneza ngozi: kuijaza, kuifunga, na kuikinga kwa kitu ambacho hakitakauka kama maji wala kuoshwa kama mafuta.

Chumvi nayo nisiisamehe kabisa. Haikati minyororo ya plastiki, lakini huacha ukoko mweupe ndani ya vipele, na hula skrubu na klipu za chuma zinazoshika plastiki hizo, hata ukaziona bampa za magari yanayokwenda kwenye viwanda vya chumvi vya Gongoni na Ngomeni zikining'inia upande mmoja. Dawa yake ni maji matamu, mara kwa mara. Hilo limetosha.

Nakuja kwenye jambo la pili, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Jambo la pili ni usafi.

Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alinunua dawa ya kupaka plastiki, ile ya bei ya juu inayoshika na kukauka. Akampa kijana amsaidie kuipaka. Gari likapendeza, akalisifu kwa majirani. Ikanyesha mvua moja ya nguvu, na bampa ikatoka michirizi, nyeusi hapa na kijivu pale, mbaya kuliko ilivyokuwa mwanzo. Akaamini ameuziwa dawa bandia. Nilipoligusa gari lile, kidole kiliteleza. Kwa muda mrefu lilikuwa likipakwa mafuta ya kung'arisha kila lilipooshwa, na tabaka la silikoni lilikuwa limejikalia ndani ya vipele. Dawa yake nzuri haikuwahi kuigusa plastiki hata kidogo. Ilikaa juu ya mafuta, na mafuta yalipoondoka yaliondoka nayo. Ninyi mliokulia katika nyumba za mawe na chokaa mnajua kwamba ukuta ulionyonya chumvi ukipakwa rangi bila kukwanguliwa, rangi huvimba na kumomonyoka; na plastiki ni hivyo hivyo.

Tukaiosha upya. Tuliloanisha bampa kwa maji matamu, tukapaka sabuni ya kuondoa mafuta iliyochanganywa kama chupa ilivyoelekeza, tukaiacha kidogo bila kuiruhusu ikauke, kisha tukaisugua kwa brashi ya nyuzi laini kwa duara ndogo ndogo, kona kwa kona. Povu la kwanza lilikuwa la kahawia. La pili lilikuwa kijivu na lilinata vidoleni. Tukasuuza, tukarudia. Kitambaa cheupe tulichopangusia kilitoka na mstari mweusi, tukakigeuza, kikatoka na mstari mwembamba zaidi, tukakigeuza tena. Ni mpaka kitambaa kilipotoka kama kilivyoingia ndipo tuliposema sasa tumefika kwenye plastiki.

Mtajuaje kwamba mmefika? Nyunyizeni maji. Maji yakijikusanya matone ya duara yanayokimbia, bado kuna mafuta au polishi. Rudini kwenye brashi. Yakitanda na kulowanisha ngozi yote sawasawa, mko tayari. Baada ya hapo pangusa kwa alkoholi ya isopropili, na muwe macho kidogo, maana baadhi ya spiriti zinazouzwa kwa kupaka mwilini huchanganywa na mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo yatabaki kwenye bampa yenu. Msitumie petroli wala thina. Vyote viwili hushika moto upesi, na hulainisha mpira uliomo ndani ya plastiki na raba zilizo karibu.

Na maji yenyewe je? Visima vingi vya mjini kwetu vina maji ya chumvi. Ukiosha kwa maji hayo halafu ukaliacha gari likauke juani, umerudisha ule ukoko uliotoka kuuondoa. Kwa kazi hii tumieni maji ya mfereji yanayotoka Baricho, au ya mvua mliyoyahifadhi, angalau kwa suuzo la mwisho, kisha mkaushe kwa taulo. Ndani ya vipele na kwenye maungio maji hujificha, kwa hiyo subirini. Ningependa gari lisubiri kivulini saa nzima kuliko kuona dawa inapakwa juu ya unyevu.

Kuna mabaka meupe ambayo hayatokani na jua wala chumvi. Hayo ni polishi ya bodi iliyopita mpaka ikaingia kwenye plastiki na kukauka. Kijana anang'arisha mlango, mkono unateleza, na mkanda mweusi wa mlangoni unabaki na alama nyeupe zisizotoka kwa maji. Mswaki wa zamani, maji ya vuguvugu na sabuni huziondoa. Zikiwa sugu, siagi ya karanga kidogo huzilainisha, kwa kuwa mafuta yake huyeyusha nta, ila baada yake ni lazima muoshe tena kwa sabuni, maana mmetia mafuta mapya. Lililo bora ni kubandika utepe wa karatasi pembeni mwa plastiki kabla ya kupiga polishi. Ni kazi ya dakika chache, na humtofautisha fundi na mwingine.

Tukishasafisha, tupake nini? Mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi na Vaseline nitayapita upesi. Yanafanya kazi ile ile ya maji: yanajaza nyufa, plastiki inaonekana nyeusi, yanashika vumbi, yanaondoka. Ukienda Marafa na bampa iliyopakwa mafuta ya nazi utarudi na bampa nyekundu kwa vumbi. Hayadhuru sana, hayasaidii tu.

Lakini oili chafu na dizeli, ndugu zangu, hapo nawaomba mnisikilize vizuri. Mzee mmoja dereva, mtu mwangalifu anayelipenda gari lake, alikuwa akipangusa bampa na mikanda ya madirisha kwa oili chafu kila wiki. Weusi aliupata. Baada ya muda kioo cha mlango kikawa kinapanda kwa shida, kikisimama katikati, naye akadhani ni mota. Fundi alipofungua mlango aliikuta mota nzima. Raba ya dirisha ndiyo iliyokuwa imevimba, laini, inayoacha weusi mkononi, na imekishika kioo kikashindwa kupita. Raba hizo hutengenezwa kwa mpira unaostahimili jua na mvua kwa miaka mingi, lakini hauwezi mafuta ya petroli. Ukiyapata huyanywa na kuvimba. Na mpira wa aina hiyo hiyo ndio unaochanganywa katika bampa nyingi. Je, tunaitengeneza plastiki au tunaiua?

Halafu kuna mikono yenu, vijana. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba masalio ya mwako na vumbi la chuma, na kuishika kila siku bila glovu ni hatari inayojulikana ya saratani ya ngozi. Na inakokwenda je? Mvua huiteremsha mtaroni, na mtaro huishia baharini, na bahari hiyo ndiyo yenye hifadhi yetu iliyotangazwa mwaka 1968, wanakokwenda wageni kutazama samaki. Msiitumie. Akija mteja na kibuyu chake cha oili chafu akawaambia mpake hii, mwambieni kwa heshima kwamba hapa hatupaki.

Yanabaki mambo mawili ya kuchagua. La kwanza ni mafuta ya silikoni ya kung'arisha, yale ya chupa za kunyunyiza. Mimi siyachukii. Ni ya bei nafuu, yale yanayochanganywa na maji hayadhuru plastiki, na kwa gari linalokwenda kupigwa picha ya kuuzwa kesho yanatosha. Lakini ni ya wiki chache tu, na katika mvua za masika ni ya siku chache. Anayeyauza aseme hivyo.

La pili ni dawa ya kushika. Kuna zenye resini na rangi nyeusi ambazo huingia ndani ya nyufa na kugandia humo, na kuna zile za silika, yaani madini yaliyomo katika mchanga na kioo, ambazo hukauka zikawa ngozi nyembamba na ngumu. Kwa plastiki iliyopauka sana napendelea zenye rangi, kwa sababu hujaza vizuri. Zile za silika naziona bora kwa plastiki ambayo bado ni nyeusi na mwenyewe anataka ibaki hivyo. Zote mbili zinataka plastiki iliyo safi, kavu na baridi. Wekeni kiganja juu ya bampa: kikishindwa kutulia hapo, gari bado lina moto, lisogezeni kivulini. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya saa tatu, upepo haujaanza kurusha vumbi. Tieni matone machache kwenye sponji, mpake sehemu ndogo, kwa kwenda na kwa kukatiza, ili dawa ishuke ndani ya vipele. Subirini kama maelezo yanavyosema, kisha mpanguse ziada yote kwa taulo ya maikrofaiba. Ziada isiyopanguswa ndiyo inayotoa michirizi na ndiyo inayokamata vumbi. Vaeni glovu, mfanye kazi penye hewa, na mfunike rangi ya gari kwa utepe. Gari lisiguswe na maji kwa saa 24 baada ya hapo. Ndiyo maana katika mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekaza, mimi humwambia mteja arudi baadaye, hata kama pesa naihitaji.

Kabla ya kupaka gari zima, pakeni kwanza sehemu ya upana wa kiganja mahali pa chini pasipoonekana sana. Kijana mmoja ninayemjua, mwenye sehemu yake ya kuosha magari kwenye barabara ya Watamu, amefanya hilo kuwa desturi. Hupiga utepe katikati ya bampa, hupaka nusu moja, na humwacha mteja aende hivyo hivyo wiki nzima. Mteja hurudi mwenyewe. Hana haja ya kupiga kelele wala kusifu kazi yake, kwa sababu kizuri chajiuza.

Jambo la tatu ni moto, nalo nitalisema kwa ufupi. Mmeona video za watu wanaopuliza bampa kwa mashine ya hewa moto, na kijivu kikageuka cheusi mbele ya macho. Ni kweli kinageuka. Moto huyeyusha ngozi ya juu, nyufa zikafungika, mwanga ukaacha kutawanyika. Lakini polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160 za Selsiasi, na mashine hizo hupuliza hewa inayozidi 300. Gereji moja hapa pwani ilichukua pikapu ya watalii, ikapuliza kava ya kioo cha pembeni kwa dakika moja zaidi ya ilivyotakiwa, na kava ikajikunja mdomo, haikurudi kwenye klipu zake tena. Ililazimu kutafutwa nyingine Mombasa, na gharama ikamla fundi. Hata pale inapofanywa vizuri, moto hauongezi kinga yoyote. Ngozi ile ile dhaifu inarudishwa juani, na kila inapoyeyushwa vile vipele vya kiwandani hulala mpaka bampa ikawa na mabaka yanayong'aa. Mara moja, kwa mkono mwepesi usiotulia mahali pamoja, na dawa ya kinga ikapakwa juu baada ya kupoa: hapo sina ugomvi. Kiberiti cha gesi au moto wa kuchomelea, hapana. Hapana kabisa.

Mtaniuliza: je, kupiga rangi? Rangi ni njia, na kwa bampa iliyochubuka sana pengine ndiyo njia iliyobaki. Lakini polipropilini haishikwi na rangi kwa urahisi. Bila praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, iliyo maalumu kwa plastiki za aina hii, rangi hubanduka kama karatasi bampa inapoguswa tu. Msasa nao huondoa vipele, na havirudi. Ukishapiga rangi umeingia njia isiyo na kurudi, kwa hiyo liwe shauri la mwisho, na lifanywe na fundi wa rangi anayejua plastiki.

Sasa jambo la mwisho, nalo ni la ukweli kati ya fundi na mteja. Mteja akiuliza, itakaa muda gani, tunamjibu nini? Wapo wanaojibu: milele. Chupa nyingine zimeandikwa miaka mingi, lakini chupa hizo hazikuandikwa zikiwa zimeegeshwa Silversands saa saba mchana. Mimi kwa gari linalolala na kushinda juani simwahidi mtu zaidi ya mwaka mmoja, hata kwa dawa nzuri niliyoipaka mwenyewe. Likipata kivuli, huenda zaidi. Namwambia mapema, namwandikia tarehe, na namwambia pia kwamba plastiki iliyofikia kuacha unga mweupe kidoleni hata baada ya kuoshwa imeharibika kwa kina, na haitakuwa kama mpya. Kuna wateja wanaoondoka wakisikia hivyo. Wengi hubaki.

Na tumfundishe kivuli. Mzee mmoja wa Kisumu Ndogo alikuwa akishangaa kwa nini upande wa kulia wa gari lake umepauka na wa kushoto ni mweusi. Kila siku aliegesha vilevile, ubavu wa kushoto ukielekea ukuta, wa kulia ukilipokea jua lote la alasiri. Hakuhitaji dawa kubwa. Alihitaji kuligeuza gari siku moja moja. Banda la makuti ndilo bora kuliko vyote. Mwarobaini na mkungu ni neema, mradi mjue kwamba kunguru nao wanavipenda vivuli hivyo, na kinyesi chao kisilale juu ya plastiki wala juu ya rangi. Lisipopatikana banda wala mti, kipande cha turubai jepesi juu ya boneti na kioo cha mbele kinaiokoa ile plastiki ya chini ya waipa, ambayo ndiyo hufa mapema kwa kuwa imelala chali ikitazamana na jua, na ndiyo ngumu kuliko zote kuisafisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na bei ya kipande hicho kipya mnaijua.

Ndugu zangu, maneno yametosha. Hapo uani pana bampa mbili kuukuu zilizopauka sawasawa. Moja imeoshwa jana kama nilivyoeleza, nyingine imeachwa na mafuta yake. Tutazipaka zote mbili dawa ile ile, kutoka chupa ile ile, kisha zitafungwa kwenye uzio upande wa magharibi na zitabaki hapo katika jua na mvua, ili kila atakayepita azikague mwenyewe kwa mkono wake. Vijana wa kuosha magari watangulie mbele, kwa sababu wao ndio watakaoshika brashi. Glovu ziko ndani ya ndoo mlangoni, na mwenye swali aulize tukiwa kazini.